Ukuta Haukuvukwa: Kisa cha Ukoka na Matuta ya Mchicha, Kiembeni

Niliitwa mwezi wa Juni, masika yakiwa yamebakisha manyunyu ya asubuhi. Aliyeniita ni mzee mmoja wa Kiembeni aliyestaafu kazi ya bandarini, na alichotaka hakikuwa kazi ya bustani bali usuluhishi. Jirani yake, mama mwenye matuta saba ya mchicha, mnavu na bamia, alikuwa amebadilika. Shikamoo bado aliitoa, lakini marahaba haijamalizika kuitikiwa alikwishaongeza: "Baba, nyasi zako zanimaliza."

Nimetunza bustani za watu Mombasa kwa miaka mingi na malalamiko ya nyasi nimeyazoea. Hiki nakiandika chote kwa sababu hakuna mvivu ndani yake wala mkorofi. Kila mmoja alifanya kazi kwa bidii, na karibu kila kazi iliyofanywa ilipanda nyasi zaidi.

Mzee alijenga juu ya ardhi tunayoijua wote huku: mchanga mweupe kidogo, na chini yake mwamba wa matumbawe. Alitaka uwanja wa mbele uwe kijani kabla ya harusi ya binti yake. Oktoba, vuli ikikaribia, fundi alileta lori la udongo mwekundu, akamwaga samadi, akapanda vipande vya nyasi kwa mistari. Muuzaji wa nyasi alizisifu sana. Jua la kaskazi haliziui. Chumvi ya maji ya kisima haizisumbui. Ukizikanyaga hazikasiriki, ukizikata ndipo zinapofungana. Waswahili mtu akisifiwa uongo twasema amevikwa kilemba cha ukoka. Mzee hakuvikwa. Sifa zote zilikuwa kweli tupu, na nyasi yenyewe ilikuwa ukoka. Ambacho hakuambiwa ni kwamba sifa hizo hizo, zikitoka nje ya uwanja, ndizo zinazoitwa ugugu.

Ukoka wataalamu wa mimea huuita Cynodon dactylon. Waingereza na Wamarekani huupa jina la kisiwa cha Bermuda, ingawa hautokani na Bermuda. Kwao ni huku kwetu, nchi za joto za Afrika na Asia. Wahindu huuita durva na humtolea mungu wao Ganesha majani yake katika ibada. Basi si mgeni aliyeshuka melini kama kunguru wa Mombasa, wala si mathenge, mti uliotoka Amerika, ukapandwa katika nyika zetu kwa nia njema, na mwaka 2008 ukatangazwa rasmi kuwa gugu haribifu nchini Kenya. Ukoka ni mwenyeji. Lakini mwaka 1977 wataalamu waliopanga magugu mabaya zaidi ya mashamba duniani waliuweka nafasi ya pili. Nafasi ya kwanza walimpa ndago, na ndago naye atatokea katika kisa hiki.

Nguvu ya ukoka iko kwenye vifundo. Una mashina ya aina mbili yanayotambaa: ya juu, yanayokimbia usoni mwa ardhi kama kamba, na ya chini, meupe, magumu, yenye ncha kali kama sindano. Yote yamegawanyika kwa vifundo, na kila kifundo kina chipukizi lililolala na uwezo wa kutoa mizizi. Kipande chenye kifundo kimoja tu, kikipata unyevu, ni mche kamili. Mashina ya chini ndiyo ghala: humo hukaa wanga ambao nyasi huutumia kuchipua tena baada ya kukatwa, kuungua au kukaushwa na jua.

Halafu kuna joto. Ukoka hukua vizuri sana kati ya nyuzi 25 na 35. Katika nchi zenye baridi kali hugeuka hudhurungi na kulala miezi kadhaa, na mashauri mengi yaliyoandikwa huko hupangwa kufuata usingizi huo. Mombasa hata Julai na Agosti usiku haushuki sana chini ya nyuzi 20. Huku nyasi hii hailali. Kinachoipunguza kasi ni ukame wa kaskazi, kuanzia Januari hadi Machi, na hata hapo hujikausha juu tu huku chini ghala limejaa. Mtu anayefuata kalenda ya watu wa baridi atakosea kila hatua, na nimewaona wengi wakikosea hivyo.

Siku ya kwanza walinipokea wote wawili, kila mmoja upande wake wa ukuta. Mama alikuwa na hakika: nyasi zimepita chini ya ukuta. Mzee naye alikuwa nusu ameshakubali, na alikuwa anauliza gharama ya kuchimba msingi upya.

Nilichimba pande zote mbili za ukuta, sehemu tano. Upande wa mzee mashina meupe yalikuwa yamefika kwenye msingi, yakagonga, yakageuka na kufuata jiwe. Upande wa mama, kwenye msingi, hapakuwa na kitu. Ukuta ule wa matofali ya matumbawe ulikuwa umekaa juu ya mwamba wenyewe, na mwamba wenyewe haukuwa mbali, shubiri mbili hivi kutoka juu. Pakupitia hapakuwepo.

Kisha nikatembea kwenye matuta. Tuta la kwanza na la pili, yale yaliyo karibu na ukuta, yalikuwa safi. Ukoka ulikuwa umejaa tuta la tatu, la nne na la tano, katikati kabisa ya shamba, na kando ya kijia cha kuelekea bomba. Mmea unaotambaa huwa mnene pale ulipoanzia na hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Hapa ilikuwa kinyume. Nyasi haikutambaa kuja, ilitua.

Niliwaza mbegu. Ukoka wa kawaida hutoa mbegu ndogo mno, zinazopita hata tumboni mwa ng'ombe na kutoka kwenye samadi zikiwa hai. Uwanjani kwa mzee kulikuwa na vichwa vichache vya maua, vile vyenye vidole vitatu hadi saba vilivyotandazwa kama mkono. Nilivifikicha kiganjani, kimoja baada ya kingine: makapi matupu. Hilo lilinipa wazo kuhusu aina yake. Nyasi nyingi nzuri za viwanja vya mpira na gofu ni machotara ya ukoka wa kawaida na ndugu yake wa Afrika Kusini. Ile inayojulikana sana, Tifway 419, ilitolewa Georgia, Marekani, mwaka 1960. Chotara hao ni tasa. Hawazai kwa mbegu, huongezwa kwa vipande peke yake. Sikuwa na haja ya kujua jina la aina ya mzee. Ilinitosha kwamba haizai, maana yake kila shina lililokuwa kwa mama lilifika likiwa kipande, na kipande hakina miguu.

Nikamuuliza mama alichotandaza kwenye matuta hayo matatu.

"Majani ya kufunika udongo. Usikauke."

"Uliyatoa wapi?"

Alinyamaza kidogo, kisha akamtazama mzee juu ya ukuta. "Kwa baba. Fundi wake alipokata kingo za uwanja. Julai ya mwaka jana. Niliomba mwenyewe, toroli tatu."

Mzee akasema taratibu, "Na mimi nikamwambia mwanangu akusaidie kusukuma."

Kila mtunza bustani anapaswa kukijua kipengele hiki cha kukata kingo. Mashine inapopita juu juu katikati ya uwanja, kinachotoka ni ncha za majani, na ncha ya jani haioti. Lakini fundi anapokata kingo kwa panga ili uwanja uwe na mstari, au anapokwangua uwanja uliokua mrefu mno, kinachotoka ni mashina, vifundo kwa mamia. Kwa macho ni majani tu, yamekaa rundo moja. Mama alitandaza mashina mabichi juu ya udongo wenye samadi, akamwagilia asubuhi na jioni. Hata muuzaji wa nyasi hapandi vizuri namna ile.

Vuli ilipoanza, machipukizi yakatokea. Mama alifanya ambalo kila mkulima angefanya: alichukua jembe. Alilima matuta yote matatu, akayavunja mabonge mpaka udongo ukawa laini, akapanda mchicha. Jembe lilikata kila shina vipande vinne, vitano, likavisambaza sawasawa na kuvifukia kwenye kina kizuri. Wiki tatu baadaye ukoka ulikuwa mwingi kuliko mchicha. Akalima tena. Kwa vile alianzia tuta la tatu na kuishia kijia cha bomba, akiburuta jembe na reki, vipande vikamfuata hadi kwenye kijia. Mpaka masika yanafika alikuwa amelima mara nne.

Aliponisimulia haya mikono yake ilikuwa na sugu mpya. Sikuona sababu ya kumwambia amekosea. Nilimwonyesha tu kipande kimoja kwenye kiganja, nikahesabu naye vifundo. Vilikuwa sita. Akaelewa kabla sijamaliza kuhesabu.

Kati ya kulima mara ya tatu na ya nne palikuwa na dawa. Kijana wake alinunua dawa ya magugu yenye glaifosati, akaichanganya kwa maji ya kisima, akapuliza Februari. Majani ya juu yaligeuka manjano, yakakauka, na Aprili yote yakarudi. Tuta la sita la mnavu, ambalo halikuwa na ukoka wala kosa, lilikufa kwa matone ya dawa yaliyopeperushwa na upepo.

Watu wakiona hivyo husema dawa ni feki. Inawezekana mara nyingine, lakini hapa hapakuhitajika ufeki. Glaifosati huingia kwa jani la kijani linalokua na husafiri pamoja na chakula cha mmea kuteremka hadi kwenye mashina ya chini. Februari, katikati ya kaskazi, ukoka ulikuwa umejikausha, majani yamejaa vumbi, na chakula hakisafiri kwenda popote. Vumbi lenyewe huinasa dawa. Zaidi ya hapo, visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa chokaa: sabuni haitoi povu, sufuria inashika ukoko mweupe. Kalsiamu ya maji hayo huishika glaifosati ndani ya tangi kabla haijafika kwenye jani. Kijana alipuliza dawa iliyokwishalegea juu ya nyasi iliyokuwa imefunga mlango.

Aliniuliza kama apulize tena wakati wa mvua. Nilimkatalia. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka glaifosati katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine za udhibiti zinapingana na hukumu hiyo. Mimi si wa kuamua mjadala huo. Lakini matuta yale yanachumwa mchicha kila wiki, watoto wanacheza kijiani, na kuna njia nyingine. Kwa uwanja mtupu unaoandaliwa upya ningeweza kufikiria. Kwa mboga, hapana.

Nilipokuwa nikichimba tuta la tano niligundua jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Karibu nusu ya "nyasi" za pale hazikuwa ukoka. Nilimpa mama shina moja alizungushe kati ya vidole. Lilikwama, lilikuwa na pembe tatu. Shina la ukoka huzunguka bila kukwama. Hii ilikuwa ndago, ambayo kwa kweli si jamii ya nyasi hata kidogo. Chini yake kuna viazi vidogo vyeusi vimeungana kama tasbihi, na kila kimoja kinaweza kulala kimya muda mrefu kisha kikachipua peke yake. Ukivuta majani, uzi hukatika na kiazi hubaki.

Ndago ilitoka wapi? Uwanjani kwa mzee ilikuwepo pia, kwenye kona ile lori la udongo mwekundu lilipomwagwa. Kwa mama ilikuwa mahali pamoja, pembe ya tuta la tano, ambako mwaka uliopita mzee alimpa mabaki ya udongo huo, zawadi ya jirani kwa jirani. Kwa hiyo magugu mawili, safari mbili, na zote mbili zilipita kwenye toroli moja. Ilibidi kuyatenganisha, maana kinachomuua ukoka hakimtishi ndago. Ukitandaza nailoni, ukoka hupikwa chini yake. Ndago huitoboa kwa ncha yake na kutokeza juu.

Tulipanga hivi. Kuanzia Julai jembe lilipigwa marufuku kwenye matuta ya tatu hadi ya tano. Kazi ilifanywa kwa uma wa bustani: unazamisha, unalegeza udongo, unavuta shina zima polepole bila kulikata. Hapa mwamba wa karibu, ambao mama aliulaani siku zote, ulitusaidia. Kwenye mchanga mrefu mashina ya ukoka huenda chini hata kupita kina cha dhiraa nzima. Hapa yaligota kwenye shubiri ya pili, isipokuwa pale palipo na ufa katika jiwe. Yaliyovutwa yalianikwa juu ya bati siku saba hadi kumi, mpaka yakavunjika kama njiti za kiberiti. Halikuingia hata moja kwenye jaa la mbolea.

Kila Jumamosi mama alipitia machipukizi mapya na kuyang'oa yangali na majani mawili matatu. Hili lilimchosha, na niseme wazi kwamba ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko yote. Chipukizi huota kwa kukopa kwenye ghala. Likiachwa, ndani ya wiki chache huanza kulipa deni na kuweka akiba. Ukiling'oa kabla, umechota ghalani bila kurudisha. Kwenye kijia cha bomba tulilaza katoni zilizoloweshwa, juu yake makuti matabaka matatu, kwa kuwa ukoka hauvumilii kivuli. Ukitaka ushahidi, tazama chini ya mwembe wowote ulioshiba: pembeni ukoka, chini ya mwembe hakuna.

Januari tulioka udongo. Matuta matatu yalilainishwa, yakamwagiliwa mpaka yakalowa, kisha yakafunikwa nailoni angavu, kingo zimefukiwa pande zote ili mvuke usitoke. Nailoni nyeusi haifai kwa kazi hii. Nyeusi hujipasha yenyewe, angavu hupitisha jua likaupashe udongo. Udongo mkavu nao haupiki, maji ndiyo yanayobeba joto kwenda chini. Wiki sita, katika jua lile la kaskazi ambalo wengine hulikimbia. Mzee alinunua nailoni kwa fedha zake bila kuombwa. Mama alitoa kazi. Walikubaliana hivyo wenyewe, mimi nikiwa nimekaa kwenye ngazi nakunywa maji.

Kwa ndago hatukuoka. Tulichimba pembe ile yote mpaka mwambani, tukachekecha udongo kwa wavu, tukatoa viazi ndoo mbili na zaidi, na tangu hapo kila kinachoota kinachimbuliwa pamoja na kiazi chake. Hiyo ni kazi ya miaka.

Kwa mzee hakukung'olewa kitu. Uwanja wake ni mzuri, na nyasi inayokaa mahali pake si adui wa mtu. Tulichimba mfereji mtupu wa upana wa shubiri kuzunguka uwanja, unaokaguliwa kila wiki mbili, kwa sababu shina linalovuka nafasi tupu huonekana. Mabaki ya kingo huanikwa kwenye sakafu ya saruji mpaka yafe kabisa ndipo yapewe mtu. Na fundi wake, ambaye hukata viwanja vingine vya mtaa kwa mashine hiyo hiyo, sasa huiosha kabla ya kutoka getini. Alikuwa hajawahi kuambiwa. Nadhani mashine zetu sisi mafundi zimepanda ukoka mwingi Mombasa kuliko wauzaji wote.

Mzee aliniuliza kama angepanda nyasi ya Kikuyu yasingetokea haya. Hiyo ni nyasi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, hupenda ubaridi, na huku chini kwenye joto huhangaika. Lakini asidhani ni mpole: imepelekwa Australia, Kalifonia na Hawaii, na huko Marekani nyasi hiyo imo katika orodha ya taifa ya magugu haribifu. Nayo hutembea juu na chini ya ardhi kama ukoka. Kwa uwanja wa nyumbani karibu na mboga ningempandia nyasi ya Pemba, ile ya majani mapana ambayo ni ya mwambao wetu wenyewe. Hutambaa kwa mashina manene ya juu yanayoonekana kwa macho na kukatika kwa urahisi, na huvumilia kivuli cha mnazi. Haipendezi kama zulia, ni kweli. Miguu ya watoto wa mpira nayo huichosha mapema.

Masika ya mwaka huu yamepita. Tuta la tatu na la tano yamechumwa mchicha mara kadhaa bila ukoka. Ndago inaota pembeni, michache, na ndoo ya kuchimbulia imekaa hapo hapo. Tuta la nne lilibaki na ufa katika mwamba, karibu na bomba linalovuja, na nilipopita wiki iliyopita machipukizi manne yalikuwa yametokea. Mama alikuwa ameyazungushia mawe ili kijana wake asiyapige jembe, na amemtuma kwa mzee kuazima uma.